Barua ya malalamiko: pampu ya maji, na yaliyonipata kwenye kaunta yenu

Mombasa
17 Novemba 2025

Kwa Meneja wa Duka,

KUH: PAMPU YA MAJI YA TOYOTA COROLLA AE110, RISITI YA TAREHE 1 NOVEMBA

Bwana Meneja,

Salamu. Nitajitahidi kuandika kwa adabu, maana ndivyo nilivyolelewa, na maana barua hii huenda ikasomwa na wengine baada yako.

Masharti ya dhamana mnayajua, mmeyapiga muhuri wenyewe mgongoni mwa risiti: miezi mitatu. Pampu yenu haikumaliza siku kumi. Hapo sina haja ya kukusomesha. Ninachotaka ukijue ni kilichotokea Ijumaa.

Ijumaa tarehe 14, saa tano na nusu, nilisimama kwenye kaunta yenu na kanzu yangu nyeupe, mwanangu wa miaka kumi na miwili ubavuni. Tukitoka hapo tulikuwa twende msikitini. Nikaiweka pampu juu ya kaunta, nimeizungushia gazeti. Kijana wenu akaifungua, akaigeuza mara moja bila kuitazama, akauliza, "Nani aliifunga hii?" Nikamwambia, "Mimi." Akaniangalia kuanzia kofia hadi makubadhi. "Kwani wewe ni fundi?" Nikasema mimi ni karani, lakini gari langu nalitengeneza mwenyewe tangu nilinunue. Hapo akapaza sauti foleni yote isikie: "Pampu ni nzima hii. Mbovu ni fundi!" Kisha akaisukuma. Hakunipa mkononi. Ikateleza juu ya kioo cha kaunta, ikaangukia miguuni pangu, na maji mekundu yaliyobaki ndani yakanirukia kanzuni. Watu wakacheka.

Kwa kuwa kijana wenu hakutaka kuitazama, itazame wewe. Pampu ya maji ya injini ya 5A-FE, ndiyo injini ya Corolla yangu, ina kitundu kidogo chini ya shingo yake. Hakikuwekwa kwa urembo. Ndani mna sili inayozuia maji ya rejeta yasifike kwenye beringi. Sili ikishindwa, maji hutokea pale kwenye kitundu ili mwenye gari ajue. Kama ningekuwa nimeifunga vibaya, maji yangetoka pale pampu inapokutana na bloki ya injini, kwenye oringi, ile pete ya mpira. Pale pakavu. Nimepapitisha kidole, nimepapiga picha. Mchirizi mwekundu umeanzia kwenye kitundu ukashuka chini. Sili hiyo mlinunua nyinyi mkaniuzia mimi, sikuiweka mimi. Na puli, kile kigurudumu cha mbele, ukiishika kwa vidole viwili ukaitikisa, inacheza. Beringi ya siku tisa!

Najua mtasema nilikaza fenbelti, ukanda unaoizungusha pampu, kupita kiasi, kwa sababu kila anayeuza beringi mbovu husema hivyo. Niliibonyeza kwa dole gumba ikaingia kama sentimita moja. Najua pia mtasema nilitia maji ya kisima. Kijana wenu alishalisema hilo Jumatano. Nimezaliwa Likoni, Bwana Meneja. Chumvi ya visima vyetu naijua kabla sijajua kusoma, na hata chai siipikii. Nilitia kulanti nyekundu, dawa ya rejeta ya kupoza injini, iliyochanganywa na maji ya betri yasiyo na chumvi, na kulanti yenyewe niliinunua dukani kwenu, imo katika risiti hiyo hiyo, mstari wa pili.

Kazi tuliifanya Jumapili tarehe 2, mimi na mwanangu. Yeye alishika tochi. Nilimfundisha kulegeza bolti za puli wakati fenbelti bado imekaza, maana ukishaitoa belti puli huzunguka nawe. Tulitoa bomba la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, tukafuta uso wa bloki kwa kitambaa mpaka oringi ikakaa kama imepimwa, tukakaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo. Baadaye tukaacha injini iungurume kifuniko cha rejeta kikiwa wazi mpaka mapovu yakaisha. Hakuna tone lililoanguka chini. Asubuhi yake mwanangu alitandika katoni chini ya gari, akaikuta kavu, na furaha aliyokuwa nayo siwezi kukueleza.

Siku tisa. Jumanne tarehe 11, kabla ya saa moja, kwenye foleni ya magari ya feri upande wa Likoni, sindano ya joto ikaanza kupanda. Nilizima injini papo hapo, ndiyo maana hedi gasketi, ile ya kichwa cha injini inayoungua kwa joto, iko salama, shukrani si zenu. Tukalisukuma gari kando, honi nyuma yetu kama harusi. Gari la kulivuta shilingi 4,000. Kazini nilifika saa nne.

Jumatano nilikuja peke yangu, kwa upole, nikiomba pampu nyingine tu. Nyingine tu! Mkaniambia meneja hayupo, njoo Ijumaa na pampu yenyewe. Nikaomba ruhusa kazini, nikaja.

Na hii Ijumaa naomba niirudie, kwa sababu kuna jambo sikulisema pale juu. Pampu ilipoanguka, sikuinama mimi. Aliinama mwanangu. Aliiokota kwa mikono miwili, akaipangusa kwa lile gazeti, akairudisha juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha wageni. Kijana wenu akamwambia, "Mpelekee babako nyumbani, acheze nayo." Mtoto, si mimi. Wakacheka tena, hata yule bwana mwenye filta ya oili aliyekuwa nyuma yangu. Nawe ulikuwepo. Umekaa nyuma ya kioo, simu sikioni, ukaniona na doa langu, ukageuza kiti. Sikwenda msikitini na kanzu ile. Na kwenye feri mwanangu akaniuliza, "Baba, kwani tulikosea wapi?"

Hapo ndipo mlipoharibu, Bwana Meneja, zaidi ya pampu.

Risiti yenu nimeisoma mbele na nyuma. Hakuna mahali imeandikwa kwamba dhamana ni ya mafundi wa gereji peke yao. Kama ndivyo, bandikeni mlangoni, tuwapungukie wateja. Jambo jingine nililolitambua jana: pampu ya zamani, iliyokuja na gari, ina jina la kiwanda limechomoza kwenye chuma chenyewe. Yenu ina jina kwenye boksi tu. Mwilini ni laini kama sabuni.

Nilianza na pampu. Sasa nataka hivi: shilingi 4,500 za pampu, 1,800 za kulanti iliyomwagika na 4,000 za kuvutwa, jumla shilingi 10,300. Sitaki pampu yenu nyingine. Na nataka kijana wenu aniombe radhi pale pale kwenye kaunta, mchana wa Ijumaa, foleni ikiwepo, na amwombe radhi mwanangu kwanza. Wewe uwe umesimama karibu yake, si nyuma ya kioo.

Nawapa siku saba kuanzia leo. Katiba, kifungu cha 46, inanipa haki ya bidhaa yenye ubora ufaao, na iko Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Mahakama ya madai madogo haihitaji wakili, na madai yake hufika hadi shilingi milioni moja, kwa hivyo nikifika huko sitadai 10,300 peke yake. Nitahesabu na siku nilizokosa kazi, na kanzu. Boksi na pampu nitazipeleka kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia, nao wawaulize mlikozitoa. Nilisema nitaandika kwa adabu, na nadhani nimejitahidi.

Pampu ninayo mimi. Msitume mtu nyumbani kuichukua. Mkitaka kuiona, mtaionea mbele ya shahidi. Corolla imepata pampu nyingine kutoka duka jingine, tumeifunga jana usiku. Tochi alishika yule yule.

Mimi,
mwenye Corolla nyeupe na risiti yenu
Likoni