Gari la umeme bila pa kuchaji ni mzigo

Mhariri,

Naunga mkono magari ya umeme katika usafiri wa pamoja mijini. Gari la mtu binafsi hushinda limeegeshwa. La kushirikiana huzunguka kutwa, kwa hiyo akiba ya mafuta huonekana upesi.

Lakini tusijidanganye. Paris ilianzisha huduma ya kukodi magari ya umeme, Autolib', mwaka 2011. Kufikia 2018 ilifungwa kwa hasara. Shenzhen, nchini China, ilianza na mabasi, na mwaka 2017 yote, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme. Basi lina njia yake na yadi yake, usiku linachajiwa. Gari la kuchukua na kuacha hutegemea uungwana wa aliyelitumia kabla yako, na wengine hulitelekeza betri ikiwa imekauka (na takataka kwenye kiti).

Kwa hiyo mipango ya miji ianze na mabasi. Teksi zisizoweza kusubiri chaji zitumie gesi asilia, inayojazwa kwa dakika chache. Hayo magari ya kukodi yaje baadaye, vituo vya kuchajia vikishakuwepo.

Abiria wa kila siku