Barua kwa Zuhura: Ile Orodha Yako ya Vitu Kumi na Moja

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na mama mfikishie shikamoo yangu. Barua yako niliipata juzi, nikaisoma huku nikicheka mpaka nyumbani wakaniuliza kuna nini. Sikukucheka wewe. Iliyonichekesha ni ile orodha ya vitu kumi na moja unavyotaka kuvidai kwenye ritani ya mwaka huu, yaani ile fomu ya kutangaza mapato na kodi, iliyoanza na kompyuta ikaishia na chai ya saa nne. Nilijiona mwenyewe nilivyokuwa mwaka ule nilipojaza fomu yangu ya kwanza bila kumuuliza mtu.

Kabla ya orodha yenyewe, kuna jambo naona limekupiga chenga. Umejumlisha matumizi yote, kisha chini yake ukaandika kwamba hizo ndizo utakazorudishiwa. Hurudishiwi hizo, mwenzangu. Matumizi ya kazi hutolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa hesabu. Hayatolewi kwenye kodi yenyewe. Ukitumia 1,000, na kipande cha juu cha mapato yako kinatozwa asilimia 20, unachookoa ni 200. Zile 800 zimekwenda na maji. Kwa hiyo meza unayotaka kuinunua haraka haraka kabla mwaka haujafungwa “ili ipunguze kodi”, inunue tu kama mgongo unakuuma. Nafuu ya kodi ni kitu kingine: hiyo hukatwa kwenye kodi yenyewe moja kwa moja, na mara nyingi haihusiani na kazi hata kidogo.

La pili, wewe sasa una mifuko miwili. Mchana umeajiriwa, usiku unatafsiri kwa malipo yako mwenyewe. Usiichanganye. Mwajiriwa hubanwa karibu kila mahali, kwa sababu serikali inaamini kwamba kitendea kazi ni juu ya mwajiri. Uingereza, kwa mfano, mwajiriwa lazima aonyeshe kuwa pesa ilitumika yote kwa kazi, kwa kazi peke yake, na kwamba kazi isingefanyika bila matumizi hayo. Marekani ndiyo wamefunga mlango kabisa: tangu mwaka wa kodi wa 2018, waajiriwa walio wengi hawawezi kudai matumizi ya kazi kwenye ritani ya serikali kuu. Ujerumani nao wanakwenda kinyume. Kila mwajiriwa hupewa punguzo la jumla, ambalo tangu 2023 ni euro 1,230 kwa mwaka, bila kuulizwa risiti hata moja. Mwenye matumizi zaidi ndiye hutoa ushahidi. Kwa hiyo anayekwambia “rafiki yangu wa nchi fulani alidai na akakubaliwa” hajakusaidia lolote. Chukua mwongozo wa mamlaka ya mapato inayokuhusu wewe, usome ukurasa wa waajiriwa kwanza, halafu wa waliojiajiri. Huko kwa waliojiajiri ndiko utafsiri wako ulipo, na huko pana nafasi zaidi.

Sasa orodha. Nguo umeziandika namba tatu, “nguo nadhifu za kazini”. Futa. Najua utabisha, kwa hiyo nikupe kisa. Kulikuwa na wakili Mwingereza, Ann Mallalieu, aliyejiajiri. Mahakamani alitakiwa kuvaa nyeusi, na yeye nguo nyeusi hakuzipenda. Kabati lake lilijaa nguo za rangi ambazo angeweza kuzivaa siku nyingine zote. Akadai gharama ya kununua na kufua zile za mahakamani. Mahakama Kuu ikamkubalia, Mahakama ya Rufaa ikamkubalia, kisha mwaka 1983 kesi ikafika katika Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama yao ya juu kabisa wakati huo, akashindwa kwa majaji wanne dhidi ya mmoja. Walisema, hata kama akilini mwake aliwaza kazi tu, nguo zile zilimsitiri na kumpa joto kama zinavyomfanyia binadamu yeyote. Mimi hukumu hiyo huniudhi kidogo kila ninapoikumbuka, lakini mantiki yake utaikuta kwenye miongozo mingi: sare yenye nembo, kofia ngumu ya mjenzi, aproni ya kujikinga na kemikali, hizo huzungumzika. Gauni zuri ulilonunua kwa sababu bosi anapenda watu nadhifu ni gauni lako. (Björn Ulvaeus wa ile bendi ya Sweden, ABBA, aliwahi kukiri kwamba yale mavazi yao ya vituko yalichangiwa na kodi: sheria yao iliruhusu kudai nguo ya jukwaani ikiwa haiwezi kuvaliwa siku ya kawaida. Wewe kutafsiri mikataba hakuhitaji mabuti ya fedha.)

Nauli ya kutoka nyumbani kwenda kazini, futa pia, isipokuwa sheria ya kwenu inaitaja waziwazi kama wafanyavyo Wajerumani, ambao huhesabu kwa kilomita. Kwingine kwingi, pale unapoishi ni uamuzi wako, na safari ya kufika kazini huhesabiwa kuwa yako binafsi. Ila ile siku mwajiri alipokutoa ofisini kwenda kwenye mkutano mahali pengine, ukajilipia na hakukurudishia, hiyo iandike. Angalia hapo: hakukurudishia. Alichokwisha kukulipa huwezi kukidai tena, hata kama risiti iko mkononi mwako.

Chai sina haja ya kueleza.

Kompyuta ndiyo yenye maneno. Umeandika bei yote. Lakini kompyuta hiyo hiyo ndiyo watoto wanaangalizia katuni, na wewe mwenyewe umeniambia hivyo. Dai sehemu ya kazi tu. Kupata sehemu hiyo usikisie. Chukua daftari, kwa wiki nne za kawaida uandike saa za kutafsiri na saa za mambo mengine, kisha utumie uwiano huo. Hata Australia, kwenye matumizi ya simu, hukubali kumbukumbu ya wiki nne iwakilishe mwaka mzima. Tena kitu kinachodumu miaka kadhaa mara nyingi hakidaiwi chote mwaka wa kwanza. Hugawanywa kwa uchakavu, kidogo kila mwaka, kwa viwango vilivyopangwa. Intaneti na simu, uwiano ule ule. Kamusi na ile programu ya kutafsiria, kama huitumii kwa kingine, dai zote upande wa kazi yako binafsi.

Kozi nayo itategemea. Ile ya tafsiri ya sheria inakuza kazi unayoifanya tayari, na nchi nyingi zinazoruhusu masomo huitazama hivyo. Ile ya upambaji keki hapana, hata kama una ndoto ya kuacha kazi. Masomo ya kukuingiza kwenye kazi mpya kwa kawaida hukataliwa.

Kuhusu chumba chako cha kazi, nisikilize kwa makini maana hapa ndipo nilipoungua. Mwaka ule nilidai nusu ya umeme wa nyumba kwa sababu nilikuwa nafanyia kazi sebuleni. Nusu! Niliona ni haki, si nashinda pale? Miezi mingi baadaye ikaja barua ya kuniomba vielelezo, kwa adabu kabisa. Nikaenda kwenye kopo nililokuwa natunzia risiti. Zuhura, nilifungua kopo nikakuta karatasi nyeupe. Zile risiti zinazochapishwa kwa joto hufifia, hasa zikikaa kwenye joto au mwanga, na zangu kopo lilikuwa juu ya friji. Nilikaa pale nikizigeuza geuza kama mtu anayetafuta maandishi ya siri. Mwisho wa yote, madai ya umeme yalikataliwa kwa sababu sebule ni ya familia nzima, na yale mengine ambayo yalikuwa halali kabisa yalikataliwa kwa sababu sikuwa na cha kuonyesha. Nikalipa kodi pungufu pamoja na riba. La umeme nilistahili. Haya ya pili yanauma mpaka leo.

Tangu hapo, risiti nikiipata naipiga picha siku ile ile, na nyuma yake naandika maneno mawili: ilikuwa ya nini, kwa kazi ya nani. Taarifa ya benki peke yake haitoshi, maana inaonyesha ulilipa duka fulani, haionyeshi ulinunua wino au viatu.

Ukikaa kujaza, anza na cheti cha mshahara kutoka kwa mwajiri, ukilinganishe na hati zako za malipo za mwezi hadi mwezi. Waajiri nao hukosea. Kisha orodhesha kila mteja wa tafsiri, hata yule aliyelipa kidogo kwa simu. Wengine hukata kodi ya zuio kabla ya kukulipa na kuipeleka serikalini kwa niaba yako, na kama hukutaja mapato hayo huwezi kudai zuio lako. Na yule jamaa aliyekuahidi atakujazia na kuhakikisha unarudishiwa pesa nyingi, kisha achukue asilimia yake? Sahihi itakuwa yako, na barua ikija itakuja kwako. Kama unataka msaada, tafuta mshauri aliyesajiliwa, anayetoza ada ya kazi na anayekubali kukueleza kila namba aliyoiandika.

Halafu usichelewe eti kwa sababu huna pesa ya kulipa. Kuchelewa kuwasilisha na kuchelewa kulipa mara nyingi ni makosa mawili tofauti. Kule Marekani la kwanza hutozwa asilimia 5 ya kodi unayodaiwa kwa kila mwezi, la pili nusu asilimia. Wasilisha, kisha uombe kulipa kwa awamu.

Kwa hesabu yangu, katika vitu kumi na moja vimebaki sita, na viwili kati ya hivyo ni nusu nusu. Miwani sijaigusa kwa makusudi: niandikie kama ni ile ya kusomea tu au unaivaa kutwa, ingawa sikupi matumaini. Nitumie na nakala ya cheti cha mwajiri ukishakipata, tuipitie pamoja Jumamosi kwa simu, watoto wakiwa wamelala na kompyuta iko huru.

Wako akupendaye,
Mwanaidi