Mwenye kifafa Uingereza, salimisha leseni kabla hujafutiwa

Mhariri,

Gazeti lako linasomwa pia na ndugu zetu walioko Uingereza, na miongoni mwao wamo wenye kifafa wanaoendesha magari. Naomba nafasi niwaeleze tofauti kati ya kusalimisha leseni kwa hiari na kufutiwa. Ni tofauti inayoweza kumweka mtu nje ya barabara miezi kadhaa zaidi bila sababu, na wengi huijua wakiwa wameshachelewa.

Kwanza sheria yenyewe. Ukipatwa na kifafa, unaacha kuendesha siku hiyo hiyo na unaiarifu DVLA, mamlaka ya leseni iliyoko Swansea. Ukikaa kimya unaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, na daktari akijua kwamba bado unaendesha ana ruhusa ya kutoa taarifa mwenyewe. Mwenye kifafa hurudi kwenye usukani akitimiza miezi 12 bila kifafa chochote. Aliyeanguka mara moja tu maishani, na vipimo havionyeshi hatari ya kurudia, husubiri miezi 6.

Neno "chochote" ndilo linalowaponza watu. Kwetu kifafa ni kuanguka, kukakamaa na kutoa povu. DVLA huhesabu pia kuzubaa kwa sekunde chache, mkono kushtuka asubuhi hadi kikombe kikamwagika, na ile harufu au hofu ya ghafla inayokuja bila sababu. Kila kimoja huanzisha hesabu upya. Anayepatwa usingizini tu, na hajawahi kupatwa akiwa macho, anaweza kuruhusiwa mwaka mmoja baada ya kile cha kwanza cha usingizini. Ikiwa zamani aliwahi kupatwa akiwa macho, anatakiwa kuonyesha miaka 3 ya vile vya usingizini pekee. Kwa hiyo andika tarehe na saa ya kila tukio, na kama ulikuwa umelala au la.

Sasa kusalimisha. Badala ya kungoja barua ya kufutiwa, unairudisha leseni mwenyewe pamoja na tamko kwamba unaisalimisha kwa hiari kwa sababu za kiafya. Wiki 8 kabla ya kutimiza mwaka unaomba tena kwa fomu D1, ukiambatanisha FEP1, ambayo ndiyo fomu ya kifafa kwa gari dogo. Mwaka ukitimia, daktari akisema unafaa na DVLA ikiwa imeshapokea ombi lako, kifungu cha 88 cha Sheria ya Barabara ya 1988 kinakuruhusu kuendesha wakati uamuzi bado unasubiriwa. Aliyefutiwa hana haki hiyo: hukaa hadi kadi mpya imfikie mkononi, na uamuzi unaweza kuchukua siku 90 za kazi, au zaidi daktari akichelewa kujibu. Hata hivyo, zungumza na kampuni yako ya bima kabla ya kuwasha gari.

Ombi hukwama kwa mambo madogo. Mtu amehama mji, akaandika daktari wa zamani asiye na faili lake tena. Ridhaa ya DVLA kuwasiliana na madaktari haikusainiwa. Au tarehe ya kifafa cha mwisho kwenye fomu haifanani na ile iliyo kwenye kumbukumbu za daktari, kwa kuwa hospitali iliyokupokea usiku ule ilimwandikia na wewe ulishasahau. Omba kuona kumbukumbu zako kabla hujajaza.

Nawasihi hasa wanaofanya zamu za usiku za kulea wazee. Kifafa kilicholetwa na kukosa usingizi hakisamehewi. Mwaka unaanza upya kama kawaida. Kilicholetwa na kuruka dozi ni vivyo hivyo, na hapa naikumbuka Ramadhani: anayemeza vidonge mchana amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili wapange upya saa au aina ya dawa, asijipangie mwenyewe. Ukipunguziwa dawa kwa ushauri wa daktari ili uiache kabisa, unashauriwa usiendeshe tangu siku ya kuanza kupunguza hadi miezi 6 baada ya kidonge cha mwisho. Na ikiwa daktari ndiye aliyebadilisha dawa ukaanguka, unaweza kurudi mapema: miezi 6 bila kifafa tangu urudishiwe dawa iliyokuwa ikikufaa.

Leseni za lori na mabasi ni habari nyingine. Zinataka miaka 10 bila kifafa na bila kumeza dawa ya kifafa muda wote huo. Halmashauri nyingi hutumia kipimo hicho hicho kwa teksi, basi ulizia kwenye halmashauri yako kabla ya kukopa gari la biashara.

Ukirudishiwa leseni, mara nyingi itakuwa ya muda mfupi, mwaka 1, 2, 3 au 5. DVLA hukuandikia siku 90 kabla haijaisha, na kuihuisha hakuna ada. Barua hiyo huenda kwenye anwani iliyo kwenye leseni, hivyo ukihama waarifu.

Katika kipindi cha kusubiri, anayeishi England na asiyeruhusiwa kuendesha kwa sababu ya kifafa anastahili pasi ya basi bila malipo kutoka halmashauri. Treni zina kadi ya punguzo kwa wenye kifafa. Mpango wa serikali uitwao Access to Work unaweza kulipia sehemu ya nauli ya teksi ya kwenda kazini, na anayemeza dawa za kifafa mfululizo hupata cheti cha kutolipia dawa, fomu FP92A, kwa daktari wake.

Msomaji wako,
Leicester, Uingereza