Mtani, nisaidie hizi jezi

Kihesa, Iringa
Juni

Kamwene mtani,

Kabla hujaendelea kusoma, mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie ule unga wa ulezi ulifika salama ila nusu yake iliishia kwa shemeji yako. Sisi hatujambo. Huku tunaganda, asubuhi hata kuku hawataki kutoka bandani. Kimya changu tangu Pasaka usikinunie. Simu ilipasuka kioo, na hili ninalotaka kukueleza haliandikiki kwa kidole gumba.

Ni jezi, mtani. Jezi zinatutoa roho.

Mwenyekiti wa timu yetu amepata mdhamini wa seti nzima kwa ajili ya bonanza la Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Jambo la heri. Sasa kwenye kikao Mwalimu (unamjua akishaanza) akapendekeza kifuani tuweke ngao na mikuki miwili, chini yake iandikwe Lugalo 1891, maana timu ya Iringa isiyomkumbuka Mkwawa ni timu ya nini? Makofi. Hata mimi mwili ulisisimka. Mtoto wa Kihehe ukimtajia siku Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na askari wake walivyomalizwa pale Lugalo, hawezi kutulia kitini. Ndipo beki wetu wa kushoto akanyoosha mkono, yule mrefu anayecheza soksi zimeshuka. Akasema taratibu tu kwamba yeye ni Msangu, kwao walifukuzwa na Wahehe mpaka chifu wao Merere akaenda kujihifadhi Usafwa, na bibi yake yu hai, hataki amwone na mikuki hiyo kifuani. "Nitavaa ya mwaka jana," akasema. Kuna mtu kule nyuma akamwambia arudi kwao Utengule. Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Chai ya kikao hatukuinywa.

Mwalimu anasema asiyevaa asicheze. Kocha anasema bila huyo beki tunapigwa tano. Wote wana hoja, ila ya Kocha inahesabika.

Nikakukumbuka wewe na ule ubishi wetu kuhusu McClean, yule mwanasoka wa Ireland. Ulimwita mkaidi, anakula pauni za Waingereza na kulikataa ua lao, lile jekundu wanalobandika kwenye jezi kila Novemba kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Mtani, yule ni mtoto wa Derry, Ireland ya Kaskazini. Januari 1972, katika mji huohuo, askari wa Kiingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji, 13 wakafa siku ileile. Na lile ua jekundu halisimami kwa vita vya 1914 na 1939 peke yake, linawakumbuka askari wa Uingereza wa vita vingine pia, hata wale waliopelekwa kwao. Mwaka 2014 alimwandikia mwenyekiti wa Wigan akayaeleza hayo kwa adabu: lingekuwa ni la waliokufa katika vita vikuu viwili tu, angelivaa. Hapo dharau kwa wafu iko wapi? Matic naye, yule kiungo Mserbia, mwaka 2018 akiwa Manchester United, alieleza kwamba Serbia yao ilipigwa mabomu mwaka 1999, yeye akiwa bado mtoto kijijini. Utamwambia nini mtu kama huyo? Eti abandike tu, ni ua?

FIFA nao wana vituko. Novemba 2016, tarehe 11 yenyewe, siku yao ya kuwakumbuka wafu wa vita, England na Scotland zilikutana Wembley na ua lao kwenye vitambaa vyeusi mkononi. England wakalimwa faranga za Uswisi 45,000. Mwaka uliofuata ile kanuni ya kukataza alama za siasa kwenye jezi ikalegezwa: mpinzani akiridhia na mwenye mashindano akiridhia, vaeni. Yaani anaulizwa mpinzani, anaulizwa mwenye mashindano, lakini yule anayeingizwa jezi kichwani haulizwi! Hilo ndilo linalonikera, hapa Kihesa kama huko Wembley.

Halafu tunamkumbuka nani? Juzi nilipita pale makaburi ya vita hapa mjini. Nyasi zimefyekwa, Mwingereza na Mjerumani wamelala jirani, jina la mtu liko juu yake. Na wapagazi waliowabebea risasi na unga katika vita vya 1914? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Simba na Yanga wanatambiana kila msimu kutokea Kariakoo, palipokuwa kambi ya wapagazi haohao, na sijaona mzigo umechorwa kwenye jezi ya yeyote. Hata hiyo tarehe 11 si yetu. Siku hiyo bunduki zilinyamaza Ulaya, huku kwetu Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani, akasalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, hapo ng'ambo ya mpaka, Mbala ya leo, Zambia. Wiki mbili nzima watu bado wana mizigo kichwani.

Najua utanirukia na Majimaji yenu ya Songea. Timu jina la vita, uwanja jina la vita, na kila 27 Februari mnawakumbuka walionyongwa 1906. Sawa, na ninawaheshimu. Lakini wakati babu zako wanapigana, wapo Wahehe waliokwenda kumsaidia Mjerumani. Ningesajiliwa na hao Majimaji, Wanalizombe wenu (acha kucheka, nilikuwa na kasi), wazee wenu wangenitazamaje? Alama yoyote ya vita utakayochagua, vyumbani mwa kubadilishia nguo kuna mjukuu wa upande wa pili. Mimi na wewe tulipona kwa utani tu: wazee walichinjana, sisi tunasingiziana mbwa na kuombana chumvi.

Nimependekeza hivi: ngao isichapwe. Siku ya bonanza anayetaka avae kitambaa cheusi mkononi, hakina picha wala mwaka, tusimame dakika moja kwa wote waliokufa, wapagazi wakiwemo. Mwalimu na mikuki yake akaishone kwenye bendera ya mashabiki, huko hakuna anayelazimishwa kuishika. Mwenyekiti anaogopa mdhamini, maana mdhamini naye ni Mhehe, tena wa Kalenga, penye ngome ya Mkwawa...

Sasa niambie. Yule fundi wako wa pale sokoni bado anashona? Vitambaa 20 vyeusi, mpira wa ndani usibane, atataka shilingi ngapi, na basi litanifikishia lini? Mzee wako alipokuwa kwenye kamati, aliwahi kukuta mchezaji amegoma kuvaa kitu? Walimfanyaje? Ungekuwa Kocha ungempanga huyu beki? Na wewe unakuja tarehe 25, au utasingizia mahindi tena?

Jibu kabla ya kikao cha Jumamosi ijayo, Mwalimu ameshaanza kuchora. Na ile elfu kumi ya Pasaka sijaisahau, ila wewe isahau.

Mtani wako,
Katibu