Baridi ya Juni na jasho la bunduki

Sakina, Arusha
Juni

Baba Neema, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na watoto wote hapo Sanya Juu. Umeniuliza ni mafuta gani yatazuia kutu kwenye shotigani yako, maana kila baridi ikiingia vidoa vya rangi ya machungwa vinarudi palepale. Mafuta nitayafikia. Ila tatizo halianzii kwenye mafuta, na baridi yenyewe haileti kutu. Kinachoila bunduki yako ni jasho.

Itazame chupa ya soda ikitoka kwenye friji mchana wa joto: haijavuja, lakini inalowa. Chuma kinafanya vivyo hivyo. Tuseme alfajiri shambani kuna nyuzijoto 9, na sebuleni kwako kuna nyuzijoto 22 na unyevu wa asilimia 60. Katika hewa ya namna hiyo, chuma chochote kilicho chini ya nyuzijoto 14 hivi kitatoka jasho. Jikoni sufuria ikichemka ni mbaya zaidi. Na jasho hilo haliishii nje unakoweza kulifuta: linakaa ndani ya mitutu, chini ya ubao wa mbele, na kwenye vile vyuma vidogo vinavyosukuma maganda. Ukifuta nje ukaiweka kwenye sefu na kufunga, umeyafungia maji ndani pamoja nayo.

Kwa hiyo ukirudi shambani, kwanza toa risasi, angalia chemba zote mbili, pale risasi zinapokaa, kisha ziguse kwa kidole uhakikishe ni tupu. Iingize bunduki kwenye mfuko wake ukiwa bado nje kwenye baridi, funga zipu, ndipo uingie nayo ndani. Iache humo saa mbili au tatu, nawe ukiwa karibu nayo. Chuma kitapata joto polepole, na jasho litakaa juu ya mfuko badala ya mtutu. Ikishapata joto itoe siku hiyohiyo. Mfuko ni wa kubebea, si wa kuhifadhia. Turubai na sponji hunyonya maji na kuyashika, na ngozi ina tindikali za kutengenezea zinazokula chuma taratibu.

Kusafisha unakujua, kwa hiyo nasema machache. Tenganisha mitutu, ingiza fimbo kutokea upande wa chemba, pitisha brashi ya shaba yenye dawa ya kusafishia mara kumi hivi, halafu vitambaa vya pamba mpaka kimoja kitoke cheupe. Sasa mafuta. Matone mawili au matatu kwenye kitambaa yanatosha mtutu mmoja. Nje, kitambaa ukikibonyeza kwenye karatasi kiache alama hafifu, kisidondoshe. Najua unapenda kumimina, nakuomba uache. Mafuta ya ziada hutiririka mpaka kwenye mbao za kitako, zikawa nyeusi na laini pale zinaposhikana na chuma. Asubuhi ya baridi nayo hugeuka mazito, pini ikapiga fataki, kile kiwashio kilicho nyuma ya risasi, kivivu na risasi isilipuke.

Tumia mafuta ya bunduki yenyewe. WD-40 ni nzuri kwa kuondoa maji, kwa hiyo ipulize siku ulionyeshewa, ifute, kisha paka mafuta ya kweli juu yake. Peke yake haikai miezi. Mafuta ya kula yanaganda kama gundi. Mafuta ya taa yanasafisha, lakini hayaachi utando wa kulinda.

Ile rangi nyeusi ya buluu kwenye mitutu isikudanganye. Yenyewe ni kutu iliyofugwa, na faida yake kubwa ni kwamba inashika mafuta. Ndiyo maana ikikosa mafuta, chumvi ya jasho la mkono inaipita. Vile vidoa ulivyonieleza, viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili karibu na ufunguo wa juu wa kufungulia mitutu, viko mahali dole gumba na vidole vyako vinaposhika. Baada ya kuishika, futa kila mahali kwa kitambaa chenye mafuta ndipo uirudishe, na iweke kwa kushikia kitako.

Vidoa vilivyopo, viloweke kwa mafuta usiku kucha, halafu usugue taratibu kwa sufi ya chuma laini kabisa, ile namba 0000, ikiwa na mafuta. Msasa usiuguse, unaondoa rangi na kukwangua chuma. Ukiona vishimo ndani ya mtutu, usiipige mpaka fundi mwenye kibali aione.

Sefu yako ipo juu ya saruji na imeegemea ukuta wa nje, na saruji hunyonya maji ya ardhini. Inyanyue kwa mbao za sentimita 5 na isogeze kutoka ukutani. Ndani weka nusu kilo ya silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, ya rangi ya machungwa. Zikigeuka kijani zimeshiba, zikaushe kwenye oveni nyuzijoto 120 kwa saa mbili au tatu, zitatumika tena. Mkaa hauna nguvu hiyo. Chumvi wanayoshauri watu usiiweke kabisa karibu na chuma. Kipimo cha unyevu kisome kati ya asilimia 40 na 50. Kikishuka sana mbao zitapasuka. Simamisha bunduki mdomo ukiwa chini, juu ya kitambaa, ili mafuta yasirudi kwenye kitako. Mpaka Agosti iishe, itoe kila wiki mbili uikague na kuipaka upya. Risasi zikae mahali pake pakavu, zisiguswe na mafuta, maana hupenya kwenye fataki.

Na siku ya kuitumia, pitisha kwanza kitambaa kikavu kwenye mitutu yote miwili. Mafuta yaliyobaki ndani huongeza shinikizo risasi inapolipuka.

Brashi ya geji 12, yaani ya upana wa mtutu wako, ninayo ya ziada. Nitampa mtu wa kwanza anayekuja huko, pamoja na silika.

Wako,
Baba Eliya