Kwenye mwamba wa maji baridi, panga kutoka kabla ya kuingia

Mhariri,

Makala ya karibuni katika kurasa zenu za michezo, kuhusu watu wanaoteleza kwa ubao juu ya mawimbi yanayovunjikia miamba ya bahari za baridi, ilisifu ujasiri wao, ikataja suti nene, ikaishia hapo. Ujasiri wanao. Wanaoumia kwenye miamba hiyo mara nyingi si wanagenzi. Ni watelezaji wazuri waliozoea maji ya nyuzi 20 za Selsiasi na zaidi, ambao hudhani kinachobadilika ni nguo tu. Kinachobadilika ni muda. Baridi humpa mtu saa chache za kutumia mikono yake, maji kupwa na kujaa hubadilisha mwamba ndani ya saa hizohizo, na mahali penyewe pako mbali na msaada. Kwa hiyo kwanza hupangwa mtu atatokea wapi na lini, ndipo iamuliwe kama ataingia. Tunaomba nafasi tueleze jinsi hilo linavyofanyika, kwa wale ambao tayari wanamudu wimbi la mwamba kwenye maji ya joto. Asiyelimudu huko asianzie kwenye baridi.

Tuanze na mwili. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliwafupishia waokoaji mambo kwa namba tatu: 1, 10, 1. Mtu akitumbukia kwenye maji ya barafu ana dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 hivi za kutumia mikono na miguu yake ipasavyo, na saa 1 kabla hajapoteza fahamu kwa kushuka joto la mwili. Hizo ni namba za asiyevaa suti. Suti nzuri huzirefusha sana, lakini haibadilishi mpangilio wake: pumzi kwanza, mikono pili, akili mwisho. Hatari imejificha hapo, kwa sababu mtelezaji anaweza kujisikia mzima na mwenye akili timamu ilhali mikono yake imekwisha kuacha kazi.

Pumzi hushughulikiwa kabla ya kuingia. Jimwagie maji usoni na shingoni, acha kiasi kidogo kipenye ndani ya kofia, subiri dakika mbili tatu hadi kutweta kuishe. Usiruhusu wimbi la kwanza likuzamishe kabla ya hapo, maana mwili uliopigwa na baridi ghafla huvuta hewa bila hiari, na ukivuta ukiwa chini unavuta maji. Uwezo wa kubana pumzi pia hupungua sana kwenye baridi. Anayekaa dakika nzima chini ya maji ya joto asiifanyie hesabu dakika hiyo hapa.

Suti yenyewe. Kwa maji ya nyuzi 8 hadi 10 wengi huvaa suti ya neopreni, yaani mpira laini kama sponji, ya milimita 5 kifuani na mgongoni na 4 mikononi, yenye kofia iliyoshonwa pamoja nayo. Chini ya nyuzi 7, milimita 6 na 5, au 6 na 4. Viatu milimita 5 hadi 7, glavu 5. Lakini unene si kitu kama suti haikukaa mwilini. Neopreni huzuia joto kwa viputo vya gesi vilivyomo ndani yake, na maji machache yanayoingia hupashwa na mwili yakatulia. Suti ikiwa pana, kila unapopiga mbizi chini ya wimbi maji hayo yanafukuzwa na mengine ya baridi yanaingia. Kagua kiunoni kwa nyuma na kwapani: pakibaki mfuko wa maji, suti hiyo si yako. Zipu ya kifuani hupitisha maji kidogo kuliko ya mgongoni. Shingo za viatu na za glavu ziingie chini ya suti. Zikikaa juu, maji yanayopanda mkononi unapopiga kafi kwa mikono yatajaa ndani ya glavu. Na ivaliwe ikiwa kavu. Suti mbichi ya jana huanza kukunyang'anya joto hata kabla hujafika ufukweni.

Uzito wa suti unataka ubao wenye ujazo wa lita 2 hadi 4 zaidi ya ule wa maji ya joto. Ukiongeza mno, ubao hautazama chini ya wimbi, na mapigo ya povu yatakumaliza nguvu mapema. Nta ya kupaka juu ya ubao ili miguu ishike iwe ile laini ya maji baridi, ngumu haishiki.

Sasa mwamba, ambao ndio kazi hasa. Nenda siku moja kabla, maji yakiwa yamepwa kabisa, uutazame ukiwa wazi. Piga picha kutoka mahali utakapoingilia na utakapotokea. Tafuta nyufa zinazoweza kunasa mguu au kamba inayouunganisha ubao na mguu, vichwa vya mawe vilivyosimama peke yake, na sehemu yenye kina ambako maji yote yaliyomwagwa na mawimbi hurudi baharini. Huo ndio mlango. Maji yakijaa, vichwa vya mawe huonekana kama duara la maji yanayochemka juu. Kariri madoa hayo na uyapange na alama mbili za nchi kavu, moja nyuma ya nyingine, ili ujue ulipo hata bahari ikiwa imechafuka. Usitegemee kuona chini. Thurso East, kaskazini kabisa mwa Uskoti, wimbi huvunjikia juu ya mabamba bapa ya mawe karibu na mlango wa mto, na maji ya mto huo ni ya kahawia kwa sababu ya udongo wa mboji. Mwamba uko chini yako tu na huuoni.

Kuhusu maji kupwa na kujaa, mabaharia wana hesabu ambayo kila mtelezaji wa mwamba angeijua ingemfaa. Gawanya tofauti ya kupwa na kujaa kwa 12. Saa ya kwanza maji husogea sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 4, basi saa ya tatu na ya nne kila moja hubeba mita nzima. Ukiingia mwanzo wa saa ya tatu ukakaa saa mbili, unatoka kwenye bahari iliyopanda au kushuka mita 2. Jiwe ulilorukia huenda limezama na mawimbi yanapasukia ukutani. Au mlango uliopitia umekauka. Wakati wa bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa ikiwa kubwa, hali hii ni kali zaidi; wakati wa maji mafu, tofauti ikiwa ndogo, ina nafuu. Kwa hiyo andika saa ya mwisho ya kutoka kabla hujavaa suti, na mwenzako wa nchi kavu awe nayo.

Wimbi lenyewe lisomwe kwa urefu na kwa sekunde kati ya wimbi na wimbi, si urefu peke yake. Mita 2 za sekunde 16 hubeba nguvu maradufu ya mita 2 za sekunde 8, tena huanza kuhisi sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 200 hivi, kwa hiyo hupindishwa na kulundikwa na mwamba zaidi. Nguvu hiyo husafiri bahari kuu kwa takriban kilomita 45 kwa saa: dhoruba iliyo kilomita 1,000 kutoka ulipo hukufikia baada ya saa 22 hivi. Kwenye sakafu inayopanda polepole wimbi huvunjika kina kinapokaribia mara 1.3 ya urefu wake. Kwenye bamba linaloinuka ghafla kutoka kilindini, kama Mullaghmore huko Ireland, wimbi halipati nafasi ya kupunguza mwendo, na huweza kuvunjikia kwenye maji yenye kina kidogo kuliko urefu wake. Ndiyo maana ubao ukichelewa nusu sekunde pale, mtu huangukia jiwe.

Kaa utazame kwa dakika 40 angalau. Mawimbi ya sekunde nyingi huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari inaweza kulala robo saa nzima. Anayefika, akaona utulivu, akaruka, hukutana na kundi kubwa akiwa katikati ya mwamba. Hesabu mawimbi ya kila kundi, uone kubwa linakuja la ngapi, na povu linamalizikia wapi.

Kuingia kutoka mawe ni kwa maji yanayopanda, baada tu ya wimbi la mwisho la kundi. Maji yakiwa yanashuka jiweni usiruke, hata wenzako wakipiga kelele. Shika ubao mbele, jilaze juu yake na upige kafi mara moja. Kutoka ni kupitia mlango, ukiwa umelala tumboni, ukisukumwa na mabaki ya povu. Usishushe miguu mpaka tumbo la ubao liguse, kwa sababu mguu ukiingia ufa na wimbi likaja nyuma, kitakachovunjika ni mfupa. Mkondo wa mlangoni ukikuzidi, usishindane nao. Uache ukurudishe nje, pumzika, ujaribu baada ya kundi linalofuata. Ndiyo maana nguvu za kutoka mara mbili ziwekwe akiba. Tungependa jambo hili moja lizingatiwe kuliko yote mengine humu.

Ukianguka, anguka bapa, usitangulize kichwa. Funika kichwa kwa mikono miwili, kunja magoti, na ukipanda juu mkono utangulie uso, kwa sababu ubao uko mahali fulani juu yako. Kofia ngumu ivaliwe bila aibu.

Kamba ya mguu inahitaji neno lake. Mnamo tarehe 23 Desemba 1994 mtelezaji mashuhuri wa Hawaii, Mark Foo, alifariki Mavericks, California, ambako wimbi huvunjikia mwamba kwenye maji ya baridi. Wengi wanaamini kamba yake ilinasa chini. Kamba hulinda ubao usikupotee, na bila ubao kuogelea na suti nene kati ya mawe ni kazi kubwa. Lakini ikinasa, maji huivuta ikakazika, na kifungo kiko kwenye kifundo cha mguu ambacho vidole vya baridi ndani ya glavu havikipati. Funga kitanzi kipana kwenye ulimi wa kifungo, ufanye mazoezi ya kukifungua macho yakiwa yamefumbwa na glavu zikiwa mkononi, goti limekunjwa. Kwenye mawimbi makubwa mkanda wa kiunoni wenye kifunguo cha kuvuta ni bora, kwa kuwa kiunoni mkono hufika hata unapoburuzwa.

Ukiwa nje unasubiri, jipime kila baada ya robo saa: gusisha dole gumba na kidole cha mwisho. Kidole hicho kikianza kujitenga na vingine visikutane unapopiga kafi, toka. Ukiwa umefikia kutamka maneno kwa kuvuta, au mwenzako ameacha kutetemeka bila kupata joto, mmechelewa, na aliyefikia hapo lazima asindikizwe kutoka. Upepo hula joto kuliko wengi wanavyodhani. Upepo wa kutoka nchi kavu unaolisimamisha wimbi vizuri ndio uleule unaokausha suti mwilini mwako, na unaokusukuma kilindini ubao ukikatika. Majira ya baridi mwanga nao ni mfupi: Thurso mwezi Desemba hupata saa 6 na ushee tu za mchana.

Watu wasipungue watatu, na mmoja abaki nchi kavu na darubini, saa, na kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, kwa sababu simu mara nyingi haina mtandao. Ajue la kutangaza: mahali hasa, idadi ya watu, jeraha. Kwenye begi kuwe na mkanda wa kubana damu, bendeji nene, vibao vya kufungia mfupa, mfuko wa kujifunika usiopitisha upepo na nguo kavu kwa kila mtu. Jeraha la pezi la ubao pajani huweza kumaliza damu ya mtu kabla helikopta haijawashwa.

Ukishatoka, joto la ndani huendelea kushuka kwa dakika 20 hadi 30. Vua suti mahali palipokingwa upepo, kausha kichwa kwanza, vaa kofia ya sufu, kunywa kitu cha moto chenye sukari. Usiendeshe gari mpaka kutetemeka kuishe na vidole virudi. Aliyezidiwa alazwe chali, asisuguliwe miguu wala mikono, asitembezwe, asiingizwe kwenye maji ya moto, na pombe asipewe kabisa. Damu ya baridi iliyo miguuni ikirudi kwa kasi inaweza kuuvuruga moyo. Masikio nayo yanahitaji vizibo kila siku ya maji baridi, hata ukiwa na kofia, kwa sababu maji na upepo wa miaka mingi huotesha mfupa ndani ya tundu la sikio, na mfupa huo hauondoki bila upasuaji.

Mtakapochapisha tena picha ya wimbi la namna hii, tafadhali wekeni chini yake nyuzi za maji, sekunde kati ya mawimbi, na saa za maji kupwa na kujaa za siku hiyo. Mistari miwili inatosha.

Wasomaji wenu,
Watelezaji wa mawimbi ya maji baridi