Salamu za Mei Mosi, kwa wenye mikataba na wasio nayo

Ndugu wafanyakazi wenzangu, nanyi mnaotafuta kazi, nanyi mliokwisha kustaafu, heri ya Mei Mosi. Sikukuu hii iwakute wazima wa afya, wanaouguza wapate nafuu, na wenye madeni wafunguliwe njia. Salamu hizi huziandika kila mwaka, kwa mazoea na kwa kuwa wapo wanaoziulizia zikichelewa. Mwaka huu kalamu imekuwa nzito.

Nimempoteza kaka yangu. Alikuwa akisambaza mizigo kwa pikipiki, kazi akizipata kwenye programu ya simu. Alipogongwa tulimkuta wodini, helmeti yake imepasuka upande wa kushoto na imesukumwa chini ya kitanda, simu iko juu ya shuka inaendelea kulia. Oda mpya. Oda mpya. Ililia hadi chaji ikaisha, kwa sababu hakuna kati yetu aliyepata moyo wa kuizima. Tulipoiandikia kampuni kuhusu gharama za matibabu tulijibiwa kwa mistari mitatu: huyo si mfanyakazi wetu, ni mshirika anayejitegemea. Miaka minne ya kuamka alfajiri, na karatasi inasema hakuwahi kuajiriwa. Alifariki siku ya tisa. Mungu amlaze mahali pema, yeye na wote walioondoka wakiwa kazini.

Neno lile "mshirika" limeninyima usingizi kuliko hata msiba wenyewe, na naamini hapo ndipo siasa zetu za kutetea wanyonge zilipoachwa nyuma. Haki zetu karibu zote tumezijenga juu ya mtu mwenye mwajiri: likizo, mafao, fidia ya ajali, kima cha chini cha mshahara. Mwajiri akijifuta kwenye karatasi, vyote hivyo vinakwenda naye. Nasi tunaojiita wapenda maendeleo tumebaki kudai nyongeza kwa wenye mshahara. Ni dai la haki kabisa, maana bei zilipopaa duniani mwaka 2022 mishahara ya wengi haikuzifikia. Lakini wasio na mshahara wa kuongezwa hatukuwataja, na idadi yao inakua.

Njia ipo, na wengine wameshaianza. Februari 2021 majaji wa Mahakama ya Juu ya Uingereza waliamua kwa kauli moja kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi wanastahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Hawakuishia kwenye maneno ya mkataba. Walitazama nani anapanga nauli, na dereva akikataa safari mara kwa mara anafanywa nini. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria kwamba zikionekana dalili za mtu kuongozwa na kudhibitiwa na kampuni, ahesabiwe mwajiriwa, na anayebisha awe kampuni, na ushahidi alete yeye. Juni 2025 Shirika la Kazi Duniani likaanza kujadili kanuni za kimataifa kuhusu kazi za aina hii. Ningependa kaka yangu angeyasikia hayo.

Hata hivyo sheria ya ajira peke yake haifiki mbali. Matibabu na mafao ya uzeeni yamfuate mtu mwenyewe popote anapohangaikia riziki, asiyapoteze kila anapobadili kazi. Hilo ni jambo la fedha, na fedha ni kodi, na kodi ikitajwa wengi wetu hushusha sauti. Tusiishushe. Kampuni kubwa huhamishia faida zake kwenye nchi zenye kodi ndogo, na pengo analijaza asiye na pa kuhamia. Oktoba 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana kampuni kubwa za kimataifa zitozwe walau asilimia 15. Kwangu mimi ni kidogo, ila ni mwanzo. Novemba 2023 kundi la nchi za Afrika lilipeleka azimio Umoja wa Mataifa ili kanuni za kodi duniani ziandikwe na nchi zote, si na klabu ya matajiri. Lilipita kwa kura 125 dhidi ya 48. Ni wangapi kati yetu tuliliongelea siku ile kwenye mikutano yetu?

Ndugu zangu, nawasihi. Viongozi wa vyama, fungueni madaftari ya uanachama kwa dereva wa pikipiki, kwa dada wa kazi za ndani, kwa anayelipwa kwa siku. Wanasiasa mnaosema mko upande wetu, acheni kumwita mjasiriamali mtu asiyeweza hata kupanga bei ya jasho lake. Vijana, someni mnachotia saini, na mkikutana wenye kilio kimoja msitawanyike kabla hamjapeana namba. Wazee, msichoke kutukumbusha. Waliogoma Chicago tarehe 1 Mei 1886 walidai kazi isizidi saa nane kwa siku. Mwaka uliofuata wanaharakati wanne walinyongwa, kwa kesi ya bomu lililolipuka siku chache baada ya mgomo. Mkataba wa kimataifa wa saa nane viwandani ukaja 1919, miaka 33 baada ya mgomo. Wengi waliosimama barabarani siku ile walikuwa wameshazikwa, na tunaopumzika jioni ni sisi.

Nawatakia sikukuu njema, yenye amani na mshikamano, na mwaka wa kazi zenye staha. Helmeti ya kaka haikutupwa. Nitaandamana nayo mkononi, na mtakaoniona mje tusimame pamoja.

Heri ya Mei Mosi.